Nani Alikuwa Chini? Abiria wa Meli za Pasifiki Mwanzoni mwa Karne ya 20

(Hotuba niliyoitoa mjini Mombasa mbele ya mabaharia wastaafu, walimu na wanafunzi wa historia. Waliokosa kufika wameomba maneno yote, nayo ni haya.)

Wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mabaharia mlioijua bahari kabla mimi sijazaliwa: shikamooni, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie meli kubwa za abiria zilizokuwa zikivuka Bahari ya Pasifiki miaka mia moja na ushei iliyopita. Meli hizo zimeandikwa sana. Zimeandikwa vyumba vyake vya kulia, vioo vyake, mazulia yake, mawaziri na matajiri waliokaa juu ya viti vya sitaha wakifunikwa mablanketi miguuni. Leo naomba tushuke ngazi. Nataka tuulize swali moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: nani alikuwa chini?

Tuanze na meli zenyewe, kwa haraka. Njia kuu zilikuwa mbili. Ya kusini ilitoka San Francisco ikapitia Honolulu, kisha Yokohama, Kobe, Nagasaki, Shanghai, mpaka Hong Kong. Hapo ndipo zilipotembea meli za kampuni ya Kimarekani ya Pacific Mail: Korea na Siberia za mwaka 1902, Mongolia na Manchuria za mwaka 1904. Wajapani nao hawakukaa kimya. Kampuni ya Toyo Kisen Kaisha, ya tajiri Asano Soichiro, ilileta Tenyo Maru mwaka 1908, meli iliyoundwa kwao wenyewe Nagasaki. Njia ya kaskazini ilitoka Vancouver, na huko walitawala Canadian Pacific na meli zao za Empress. Empress of Russia na Empress of Asia, zilizoanza kazi mwaka 1913, zilitoka Yokohama zikaiona pwani ya Kanada baada ya siku tisa hivi. Njia ya kusini, kwa kuwa ilipitia Honolulu, ilikula siku kama 16 au 17 kati ya Yokohama na San Francisco.

Siku tisa. Siku kumi na saba. Zishikeni hizo namba, maana baadaye nitawapa namba nyingine za kuziweka kando yake.

Meli zile zilikula makaa ya mawe, na pale Nagasaki kuyapakia lilikuwa jambo ambalo wasafiri waliliandika kuliko hata milima ya Japani. Tishari zilizojaa makaa zinakuja kujibana ubavuni mwa meli. Ngazi za mbao zinafungwa kutoka kwenye tishari mpaka kwenye milango ya stoo za makaa. Juu ya kila kipago anasimama mtu, na wengi wao ni wanawake, kichwani wamejifunga kitambaa. Kapu dogo linajazwa chini, linapanda mkono kwa mkono, linamiminwa, linarudi tupu, na nyuma yake kapu jingine limekwisha kufika. Makapu hayasimami asubuhi mpaka jioni. Madirisha ya vyumba vya abiria yanafungwa vumbi lisiingie, na wenye uwezo wanashuka kutembea mjini. Abiria alikuwa akitoka Hong Kong mpaka Amerika kwa mikono ya wanawake wale, na hakuna orodha ya meli yenye jina hata la mmoja wao.

Humo ndani nako, katika meli za Pacific Mail, wapishi, watumishi wa vyumba na wachochea tanuri wengi walikuwa Wachina. Sheria ya mabaharia ya Marekani ya mwaka 1915 iliposema kwamba robo tatu ya wafanyakazi wa kila idara melini lazima waelewe amri kwa lugha ya maofisa, kampuni ile ikaona haiwezi kuendelea bila Wachina wake, ikauza meli zake kubwa mwaka huohuo. Nyinyi mabaharia mnaelewa maana yake. Kampuni nzima ilisimama juu ya mabega ya watu wasiopigwa picha.

Sasa kisa cha juu, kabla hatujashuka. Julai 1905 Manchuria iling'oa nanga San Francisco ikiwa na msafara wa William Howard Taft, waziri wa vita wa Marekani, na ndani ya msafara alikuwamo Alice Roosevelt, binti wa Rais, mwenye umri wa miaka 21. Juu ya sitaha palikuwa na bwawa la turubai la kuogelea. Siku moja Alice akajitosa ndani yake na nguo zake zote mwilini. Watu wakapiga makofi, magazeti yakapata habari, na kisa hicho kinasimuliwa mpaka leo.

Simlaumu binti wa watu kwa kuogelea. Nauliza tu: chini ya bwawa lile, sitaha mbili tatu kuelekea kwenye ngama, nani alikuwa chini?

Empress of Russia ilijengwa na nafasi za daraja la kwanza zisizofika 300, na nafasi za daraja la chini takriban 800. Kwa hiyo abiria wa kawaida wa Pasifiki, yule ambaye ukimchagua bila kuangalia ndiye utakayempata, alikuwa mtu wa chini. Alikuwa Mchina wa Guangdong, Mjapani wa Hiroshima, Mkorea, Mfilipino, Mpunjabi. Alilala kwenye vitanda vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, akala wali kwenye bakuli lake, akalevywa na bahari pamoja na mamia ya wenzake kwenye hewa iliyofika kule kwa shida.

Chukueni watu wa meli Gaelic. Desemba 1902 Wakorea 121 walitoka bandari ya Incheon. Walipofika Japani walipimwa afya, na waliofaulu kuendelea walikuwa 102. Walifika Honolulu tarehe 13 Januari 1903, kwenda kukata miwa. Karibu nusu yao walitoka kwenye kanisa moja dogo la Incheon, maana mchungaji wao Mmarekani ndiye aliyewatia moyo waende. Fikirini kanisa lenu, au msikiti wenu, nusu ya safu za mbele zinaondoka siku moja. Hadi mwaka 1905 Wakorea kama 7,000 walikuwa wamefuata njia hiyohiyo. Na wale 19 waliorudishwa kwa ajili ya afya, waliokwisha kuagana na kijiji, walirudi na uso gani? Hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu.

Wafilipino walifuata mwaka 1906: wanaume 15 ndani ya meli Doric, walioshuka Honolulu tarehe 20 Desemba, nao kwa ajili ya miwa.

Halafu wanawake. Mwaka 1907 na 1908 Japani na Marekani zilikubaliana kwamba Japani isiwape pasi vibarua wapya, lakini wake wa waliokwisha kuingia waruhusiwe kuwafuata. Ndipo zikaanza harusi za picha. Mwanamume yuko Hawaii au California, anatuma picha yake kijijini. Mshenga anapeleka picha kwa wazazi wa binti. Wakikubaliana, jina la binti linaandikwa kwenye daftari la ukoo wa mume, na kwa sheria ya Japani tayari ni mke. Hajamwona mumewe. Anapanda meli na picha ndani ya kimono.

Pale gatini Honolulu au San Francisco wanawake walisimama kwa mstari, kila mmoja ameshika picha, akitazama nyuso za wanaume na kurudi kwenye picha, akitazama tena nyuso. Wengine walikuta picha ilipigwa miaka kumi nyuma. Wengine walikuta picha ni ya rafiki mwenye sura nzuri zaidi. Wengine waliomba warudi, lakini nauli ya kurudi wangeitoa wapi? Wengi wakakaa, wakakata miwa, wakafua nguo za watu kwa malipo, wakazaa, wakazikwa hukohuko. Mwaka 1920 Japani ikaacha kutoa pasi kwa maharusi wa picha, na mwaka 1924 Marekani ikawafungia Wajapani mlango kabisa.

Mlango. Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Ndugu zangu, bahari ilikuwa siku tisa. Bahari ilikuwa siku kumi na saba. Mlango je?

Tangu mwaka 1882 Marekani ilikuwa na sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia. Wafanyabiashara, wanafunzi, walimu na wanadiplomasia waliruhusiwa, pamoja na watoto wa raia. Wengine wote, hapana. Sheria ile ilidumu mpaka mwaka 1943. Na haikuchagua mtu wa maana na asiye wa maana. Aprili 1904 meli Korea ilifika San Francisco na daktari mmoja Mchina kutoka Honolulu. Mkononi alikuwa na cheti kinachosema alizaliwa Hawaii, wakati ukweli alizaliwa Guangdong na kusoma Hawaii utotoni. Maofisa wakamshika, wakamfungia kwenye banda la kampuni ya meli pale gatini, pamoja na wengine waliorundikwa humo, mpaka wakili na Wachina wa mjini walipomtoa. Daktari huyo ni Sun Yat-sen. Januari 1912 akawa rais wa kwanza wa muda wa Jamhuri ya China.

Aprili 1906 tetemeko na moto viliteketeza San Francisco, na kumbukumbu za vizazi zikaungua pamoja na mji. Wachina wengi wakasimama wakasema: mimi nilizaliwa hapa. Nani angekanusha? Aliyekuwa raia aliweza kwenda China, akirudi akasema nimepata mwana. Mwana huyo, awe wa kweli au wa maandishi tu, alikuwa na haki ya kuingia, na nafasi yake iliweza kuuzwa kwa mtoto wa jirani. Hao ndio waliojulikana kama wana wa karatasi.

Serikali nayo ikajibu kwa maswali. Januari 1910 ilifungua kituo cha uhamiaji kwenye kisiwa cha Angel Island, ndani ya ghuba ya San Francisco. Abiria wa daraja la kwanza mara nyingi alikaguliwa melini na kushuka zake. Wa chini, hasa Mchina, alipakiwa kwenye mashua kwenda kisiwani. Mume upande huu, mke upande ule. Kisha anaitwa mbele ya maofisa na mkalimani. Sikilizeni maswali yenyewe: nyumba yenu ina ngazi ngapi? Mlango wake unatazama upande gani? Pipa la mchele liko wapi? Nani anakaa nyumba ya tatu, safu ya pili? Bibi yako alikuwa na miguu iliyofungwa, kwa ile desturi ya Wachina ya kuwafunga wasichana miguu isikue? Baba aliyeko mjini anaulizwa yaleyale peke yake, na majibu yanalinganishwa. Kijana wa miaka 14 akisema ngazi tano, baba akasema sita, safari imeharibika.

Kwa hiyo melini, huko chini, watu walisoma. Walikuwa na vitabu vya majibu, kurasa na kurasa za mashamba, visima, shangazi na makaburi, na waliyakariri siku zote za safari. Pwani ya Marekani ilipokaribia, vitabu vikatupwa baharini.

Niambieni, nyinyi wanafunzi mlio hapa: ni nani kati yenu angejua kwa hakika idadi ya ngazi za nyumba ya babu yake?

Wapo waliokaa kisiwani wiki mbili, wapo waliokaa miezi, na wachache karibu miaka miwili. Siku kumi na saba za bahari, miezi ya mlango! Wakaandika mashairi ukutani, kwa wino kwanza, kisha wakayachonga kwenye mbao kwa mtindo wa washairi wa kale wa China. Maofisa wakapaka rangi juu yake. Wengine wakachonga upya. Kituo kilifungwa mwaka 1940 baada ya moto, jengo likaachwa, na mwaka 1970 lilipokuwa likingoja kubomolewa, askari wa hifadhi aitwaye Alexander Weiss akaingia na tochi akaona maandishi ukutani. Aliwaambia wakubwa wake, wakaona si kitu. Hakunyamaza. Akawaita watu wa chuo kikuu, na Wachina wa San Francisco wakapigania jengo lile mpaka likahifadhiwa. Leo mashairi zaidi ya 200 yanajulikana.

Mafaili ya mahojiano nayo yapo, maelfu kwa maelfu, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani karibu na San Francisco. Wajukuu wanakwenda kuyasoma. Mtu anafungua faili iliyoandikwa ili kumnasa babu yake, anakuta ndani yake ramani ya kijiji, majina ya majirani, na picha ya babu akiwa kijana wa miaka 14.

Sasa nisikilizeni kwa hiki kisa, maana kinatugusa sisi wa pwani hii. Komagata Maru haikuwa meli ya fahari. Ilikuwa meli ya mizigo iliyotengenezwa ndani haraka ili ibebe watu. Mfanyabiashara Gurdit Singh aliikodi mwaka 1914. Iliondoka Hong Kong mwezi Aprili, ikapitia Shanghai, Moji na Yokohama, na ilipokamilika ilikuwa na abiria 376, wengi Masingasinga wa Punjab, pamoja na Waislamu na Wahindu. Wote raia wa himaya ya Mwingereza, wakienda Kanada, nchi ya himaya hiyohiyo.

Mnajua watu wa Punjab. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua na mafundi kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli kutoka Mombasa hii kwenda Ziwa Victoria, na wengi walitoka jimbo hilohilo. Walipohitajika kwa kazi, himaya iliwapa meli.

Kanada ilikuwa na kanuni: mhamiaji lazima aje moja kwa moja kutoka nchi yake kwa tiketi aliyoikatia huko, na Mwasia awe na dola 200 mkononi. Moja kwa moja, wakati hapakuwa na meli ya moja kwa moja kutoka India kwenda Kanada! Kanuni haikutaja Wahindi hata mara moja. Haikuhitaji.

Meli ikatia nanga Vancouver tarehe 23 Mei. Kama watu 20 waliokuwa wakaazi wa zamani, pamoja na daktari na familia yake, wakaruhusiwa kushuka. Waliobaki wakawekwa melini, mji wakiuona kwa macho. Chakula kikapungua, maji yakapungua. Wahindi wa Vancouver wakachanga pesa, wakalipia deni la kukodi meli, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Usiku wa Julai meli ndogo ya kuvuta, Sea Lion, ikaja na polisi zaidi ya mia kuiteka; abiria wakawarushia makaa na matofali mpaka wakarudi nyuma. Ndipo serikali ikaleta meli ya kivita, Rainbow, ikaielekezea mizinga. Tarehe 23 Julai, baada ya miezi miwili kamili, Komagata Maru ikageuzwa.

Vita vya Dunia vikaanza wakiwa baharini. Tarehe 29 Septemba wakafika Budge Budge karibu na Kolkata. Serikali ya Mwingereza ikataka kuwapakia kwenye treni moja kwa moja hadi Punjab, wao wakakataa, ikatokea ghasia, askari wakafyatua risasi. Kama watu 20 waliuawa. Walivuka Pasifiki mara mbili, kwenda na kurudi, wakaja kufa kwenye mlango wa nyumbani kwao. Tarehe 18 Mei 2016 waziri mkuu wa Kanada, Justin Trudeau, alisimama bungeni akaomba radhi rasmi. Ni miaka 102 baadaye. Nafurahi ilitolewa. Lakini hakuna abiria wa meli ile aliyekuwa hai kuisikia, na hilo nalo lisemwe.

Nimebakiza wasafiri wa aina moja, na mtanisamehe wenye moyo mwepesi. Wachina waliokufa ugenini walitaka mifupa yao irudi kwao, kwa sababu kaburi lisilotunzwa na wana ni upweke usio na mwisho. Kwa hiyo vyama vyao vilifukua, vikaosha mifupa, vikaipakia melini. Oktoba 1902 meli Ventnor iliondoka Wellington, New Zealand, na mabaki ya watu 499, wengi wao wachimba dhahabu, wakienda Hong Kong. Pamoja nao walikuwamo wazee wachache wa Kichina waliopewa safari ili kuyaangalia majeneza. Na ndani ya jeneza mojawapo alikuwamo Choie Sew Hoy, mfanyabiashara mkubwa wa Dunedin na mmoja wa waanzilishi wa chama kilichoandaa safari hizo, aliyefariki mwaka 1901. Aliandaa wenzake warudi, akawa abiria wa chombo hichohicho.

Ventnor iligonga mwamba, ikazama karibu na Hokianga, pwani ya kaskazini ya New Zealand. Watu 13 wakafa maji. Kisha majeneza na mifupa vikaanza kufika ufukweni, na Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, wa makabila ya Te Roroa na Te Rarawa, wakaiokota, wakaizika pamoja na wafu wao. Hawakuwajua watu wale. Walisimuliana habari hiyo baba kwa mwana kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka mwaka 2013 wajukuu wa wachimba dhahabu walipokwenda Hokianga kuwashukuru rasmi.

Tumejua haya kwa sababu kuna mtu aliandika na mtu akatunza. Ndiyo maana nina ombi. Kuna wazee hapa waliosafiri sitahani kwenye meli za Karanja na Kampala, kati ya Bombay na Mombasa, na wengine wazazi wao walisafiri. Tiketi, vyeti vya chanjo, pasi za zamani zenye picha, vyote vimo ndani ya masanduku majumbani mwenu. Meza iko pale nyuma, na wanafunzi wawili wako tayari kuvinakili na kuvirudisha papo hapo. Asiyekuwa na karatasi akae nao awaambie jina la meli, mwaka, na alilala upande gani wa sitaha.

Asanteni sana. Nakaribisha maswali.